Asubuhi Tuliyolizunguka Kuba la Anuradhapura

Mwenzangu wa wodini, muuguzi kutoka Sri Lanka, ni jirani yangu pia hapa Pearland, mji ulio kando ya Houston, Marekani. Mama yake alipohamia kwake, nikawa napita nikitoka kazini kumjulia hali. Yeye hajui Kiingereza, mimi sijui Kisinhala, basi namsemesha Kiswahili naye ananijibu kwa lugha yake. Kwa mikono, chai na vicheko, tunaelewana.

Mwaka juzi mama huyo alianza kuomba jambo moja: apelekwe Anuradhapura, mji wa kale wa Wabudha huko kwao, ambako wazazi wake walimpeleka akiwa mtoto. Magoti yalikuwa yamemchosha, na kisukari kilikuwa kimemtia ganzi miguuni. Binti yake aliogopa kusafiri naye peke yake, kwa hiyo nikaomba likizo tukaenda sote watatu.

Mimi nimezoea Houston, ambako jengo likifika umri wangu huitwa la zamani na kubomolewa. Kule Anuradhapura nilisimama mbele ya kuba la matofali, kubwa kama kilima, lililojengwa zaidi ya miaka elfu moja na mia sita iliyopita. Nilitafuta mlango nisiuone. Mwenzangu akanieleza kwamba ndani hamna chumba: watu hawaingii, wanalizunguka kwa ibada. Nilifikiria mikono iliyopanga tofali juu ya tofali mpaka mawinguni. Penye ngazi moja palikuwa na jiwe la nusu duara, limechongwa tembo, farasi, simba na fahali wakifuatana. Mvua ya karne zote hizo haikuwa imeufuta mkonga wa tembo hata mmoja.

Kuba alilolitaka mama ni lile jeupe, ambalo waumini bado hulijia wakiwa wamevaa nguo nyeupe na kushika maua. Tulifika saa saba mchana. Mtu huacha viatu nje, na sakafu ya mawe ilikuwa kikaango. Nikaruka huku na huku kama kuku. Mama, kwenye kiti chake cha magurudumu, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akainama, akavua soksi zake, akanipa.

“Mama, soksi zako hizo! Vaa!” nikamwambia.

Akatikisa kichwa na kuonyesha sakafu kwa kidole.

“Anasema hakuja hapa kusukumwa,” binti yake akanitafsiria. “Anataka kukanyaga.”

“Mwambie mguu wenye ganzi hausikii moto. Utababuka na yeye hana habari.”

Walivutana kwa lugha yao. Mama akanuna, akageuza uso. Niliinama mbele yake, nikamrudishia soksi, nikamwambia kwa Kiswahili changu, polepole, “Kesho, Mama. Kabla jua halijatoka. Mimi na wewe.” Sijui alisikia nini, lakini alinishika shavu.

Kulipopambazuka tulikuwa pale. Niliyagusa mawe kwa kiganja. Yalikuwa baridi, yana umande. Tukamwinua, mmoja huku, mwingine kule. Alitembea kidogo, akapumzika, akatembea tena, midomo ikinong’ona. Mimi ni Mkristo, na nilikuwa nimejiuliza ningesali vipi mahali kama pale. Wakati ulipofika sikuwaza hilo. Nilikuwa nikisikiliza pumzi yake, huku weupe wa kuba ukigeuka rangi ya maziwa, halafu ya asali, jua likipanda. Watu waliotupita walipunguza mwendo ili wasimsukume. Mwanamke mmoja alimpa ua la yungiyungi, akaendelea na safari yake.

Tulipomaliza kulizunguka, mama akaketi kwenye ukingo wa jiwe, akachuruzikwa na machozi bila kujificha. Alisema neno kwa binti yake.

“Anasema alipokuja mara ya kwanza alibebwa mgongoni,” mwenzangu akaniambia. “Hakuwahi kulizunguka kwa miguu yake mwenyewe.”

Nikapiga goti kumkagua nyayo, kidole kimoja kimoja. Hakukuwa na jeraha hata moja, vumbi jeupe tu. Nilipotoa kitambaa nimpanguse, akaivuta miguu yake taratibu, akakataa.