Gari Jekundu la Kambini

Kuna wanaume wazima, wenye mvi na vitambi, ambao siku hizi hujirekodi wakiyafufua magari ya rimoti waliyokuwa nayo utotoni. Huwa nawatazama kwenye simu. Wanayatoa kwenye maboksi, wanayasugua kwa mswaki, wanabadilisha springi, wanaweka matairi mapya yenye meno, kisha wanayapeleka mchangani na kucheka peke yao. Wengine hulia kwa furaha. Mimi pia hulia, ila kilio changu si cha aina hiyo, na mara nyingi naishia kuizima simu kwa hasira na kuilaza kifudifudi mezani.

Si kwamba sikulipenda langu. Nililipenda kuliko wao wanavyoyapenda ya kwao, nalisema bila aibu. Lilikuwa jekundu, halina milango wala paa, limejengwa kwa vyuma vyembamba, na ndani yake kaketi dereva mdogo wa plastiki aliyevaa helmeti. Matairi ya nyuma yalikuwa makubwa kuliko ya mbele. Antena ndefu ilisimama mgongoni na kutikisika hata gari likiwa limetulia. Rimoti yake ilikuwa na umbo la bastola: usukani mdogo ubavuni, na chini yake triga ya kuvuta kwa kidole. Ukiivuta kidogo linatembea. Ukiivuta yote linapotea.

Tuliishi kambini Kasese, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Baba alikuwa askari, mtu wa Arua. Mama ni wa Soroti. Hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana ila Kiswahili cha kambini, na mimi, mtoto wao pekee, nilizaliwa ndani ya hicho hicho. Nyumba yetu ilikuwa unipoti, kibanda cha mabati cha duara, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kasese jua lake si la mchezo. Ikifika saa saba mchana huwezi kuegemea ukuta. Tulikaa nje, kwenye kivuli chembamba kilichohama na kutuhamisha, tukiitazama milima ya Rwenzori iliyokuwa pale pale kila siku, yenye baridi yake, na hatukuruhusiwa kuifuata.

Watoto wa kambi hawakuvuka geti ila kwenda shule, na shule yenyewe ilipakana na ua wa kambi. Mama alikuwa mkali kuhusu hilo. Hakujua Lhukonzo, lugha ya wenyeji, hakuwa na ndugu mjini, na aliamini kwamba mtoto akipotea huko nje, Bulembia, hakuna atakayejua wa kumrudishia. Kwa hiyo nilikua nikijua idadi ya nguzo za ua wetu. Mpaka leo nikiona seng'enge, mkono unataka kuzihesabu nguzo zake.

Gari lilitoka Bwera, mpakani. Baba alipelekwa huko kwa wiki mbili kulinda ghala, na Jumapili ya mwisho alikuja kunichukua kwa gari la kambi, nikavuka geti bila sare ya shule kwa mara ya kwanza ninayoikumbuka. Sokoni kulikuwa na mama mmoja kutoka ng'ambo, Kongo, aliyeuza vitu vilivyotumika: viatu, pasi, masufuria, redio zisizo na mgongo. Katikati ya viatu lilikuwepo gari lile. Baba alichuchumaa mbele yake na hakuinuka.

"Inatembea?" aliuliza.

"Inatembea? Inakimbia, papa! Ni ya Bazungu ba zamani, haiko plastiki ya siku hizi. Mupatie mutoto."

"Mutoto iko binti."

"Na binti hana mikono?"

Baba akacheka mpaka kofia ikasogea. Wakapatana bei. Njia nzima ya kurudi, kupitia Kisinga, alilishika gari mapajani kwa mikono miwili, na mimi nilishika rimoti. Nilidhani ni ugawaji wa haki. Kumbe ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu mimi kuishika.

Maana gari, kwa jina, lilikuwa langu. Kwa vitendo lilikuwa la baba. Utotoni mwake alitengeneza magari ya waya na vifuniko vya chupa, na sasa alikuwa anazifidia siku zile. Betri ilichajiwa usiku kucha na kucheza dakika kama kumi na tano tu, na zote zilikuwa zake. Mimi nilikuwa fundi wa kuliinua likipinduka. Alikuwa mtu wa maneno machache na mgongo ulionyooka, lakini akivuta ile triga alitoa ulimi nje. Jirani zetu walimcheka, naye hakujali. Nilimpenda sana nyakati zile, na pia nilikuwa na wivu wa kunitoa machozi.

Hata gari lenyewe halikuwa na pa kwenda. Likikimbia hatua arobaini, seng'enge. Likigeuka, mitaro. Upande wa tatu uwanja wa paredi, ambako hakuna mtoto wala mbuzi aliyekanyaga, kwa sababu katikati yake ilisimama bendera. Baba alilizungusha katika kile kipande chetu mpaka likachimba njia yake ardhini.

Mama hakulipenda, ila hakulisema vibaya. Alikuwa na jambo lake. Tangu aolewe hakuwa amerudi Soroti, miaka kumi na moja. Mama yake alikuwa mzee, miguu imegoma, na kila akipiga simu aliuliza swali moja: mnakuja lini? Mama angeweza kupanda basi peke yake, lakini kwao mke akirudi bila mume husemwa kwamba amefukuzwa, na yeye hakutaka mama yake asikie hivyo akiwa kitandani. Ilibidi twende sote. Na baba hakuweza kutoka bila pasi ya likizo iliyosainiwa na mkubwa wa kambi. Aliomba mara tatu. Mara ya nne mkubwa akasaini: mwezi mzima, kuanzia Jumatatu.

Mama alifunga begi siku ya Jumanne iliyotangulia. Akalifungua, akalipanga upya, akalifunga tena. Aliimba akipika. Sikuwahi kumsikia akiimba kabla ya hapo, na nilishangaa kwamba ana sauti nzuri.

Alhamisi jioni baba alirudi kutoka kazini mapema akiwa bado na sare. Alikuwa na furaha. Akaliweka gari chini, karibu na ukingo wa uwanja wa paredi ambako ardhi ni sawa, kisha akanipa rimoti.

"Shika. Nataka bibi yako aone wewe unaendesha. Polepole. Kidole moja tu."

Niliendesha. Sina namna nyingine ya kusema: niliendesha. Lilikwenda nilikotaka liende. Nikalipeleka kwenye jiwe, nikalizungusha, nikalirudisha. Baba alisimama kando yangu mikono nyuma, akisema "vizuri, vizuri". Nilikuwa na miaka kumi na kwa mara ya kwanza kitu fulani duniani kilinitii.

Ndipo tarumbeta likalia.

Mtu asiyeishi kambini hajui. Saa kumi na mbili jioni bendera inashushwa, na likilia tarumbeta kila kiumbe kinasimama pale kilipo na kuigeukia. Anayefua anaacha kufua. Anayempiga mtoto anaacha mkono chini. Na sisi watoto wa kambi tulifundishwa mguu sawa kabla ya kufundishwa a, e, i: visigino pamoja, kidevu juu, mikono ubavuni, ngumi zimefungwa kwa nguvu. Ngumi iliyolegea ilikuwa aibu ya baba yako. Mimi nilisifiwa kambi nzima kwa mguu sawa wangu.

Nikasimama mguu sawa. Nikafunga ngumi kwa nguvu. Na ndani ya ngumi ya kulia ilikuwemo triga.

Gari liliruka. Lilivuka ukingo, likaingia uwanjani, kwenye ile ardhi iliyofagiwa ambayo halikuwahi kuigusa, na kwa mara ya kwanza likawa na nafasi ya kukimbia. Nililiona likienda. Kilichotakiwa ni kufungua vidole tu, jambo ambalo mtoto mchanga analiweza. Sikuweza. Kichwa kilisema fungua, na mkono ulisikia tarumbeta. Kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyozidi kukaza. Kando yangu baba alikuwa amepiga saluti, na hakuwa na ruhusa ya kugeuza hata shingo. Nilimsikia akisema kwa meno, "Achia. Achia." Kambi nzima ilisimama kimya, mamia ya watu, na kitu pekee kilichotembea kilikuwa gari langu.

Lilimpiga kifundoni askari aliyekuwa akivuta kamba. Aliruka, kamba ikamtoka, na bendera ikashuka yote kwa mara moja hadi mavumbini.

Tarumbeta halikukoma. Lilimaliza wimbo wake mpaka mwisho, na sisi tulisimama mpaka mwisho. Lilipokoma tu, kabla watu waliokuwa mbele yetu hawajageuka, baba alininyang'anya rimoti. Mkubwa wa kambi alipouliza kwa sauti, "Hiyo kitu iko ya nani?" baba alikuwa ameshatembea hatua nne mbele, rimoti mkononi.

"Mimi, afande."

"Nani nalikuwa naendesha?"

"Mimi, afande."

Alikaa mahabusu ya kambi siku saba. Gari likachukuliwa, na pasi ya likizo ikachanwa mbele yake. Habari za adhabu mama aliletewa na mke wa jirani. Hakulia. Aliliburuta begi kutoka chini ya kitanda, akatoa nguo moja moja na kuzirudisha kwenye waya, na mimi nilikaa upande wa pili wa pazia nikisikia hanga zinagongana. Nilitaka kutoka na kusema. Nilisimama kabisa. Kisha nikakaa.

Baba alipotoka, amekonda na ndevu zimeota, nilimngoja nyuma ya nyumba.

"Baba, nimwambie mama ilikuwa mimi?"

Alinitazama. "Wewe nyamaza. Sikia? Hiyo ni oda."

Oda ni amri, na mtoto wa kambi hachezi na oda.

Mama hakumsemesha baba kwa miezi mitatu. Alimwekea chakula, alimpigia pasi sare, ila maneno hakumpa. Mara moja tu nilimsikia akimwambia, "Mzee muzima, na toy." Baba aliinamisha kichwa akala. Katika mwezi wa nne tangu siku ile ikaja simu kutoka Soroti kwamba bibi amefariki. Mama alipanda basi peke yake. Alichokikataa miaka kumi na moja alikifanya kwa ajili ya maziko, na sijui huko walisema nini juu yake.

Baada ya hapo baba alihamishiwa Bwera, nasi tukamfuata. Huko hatukuwa na ua. Tulipanga chumba kando ya barabara, na ningeweza kutembea hadi Nyakiyumbu na kurudi bila kuulizwa na mtu. Sikutembea. Nilikaa ndani na oda yangu. Kila mama alipomwangalia baba kwa lile jicho, nilihisi ngumi yangu inajifunga, na kila nilipofungua mdomo nilikumbuka sauti ile nyuma ya nyumba. Nilianza kumchukia baba kwa wema wake. Sijivunii hilo, lakini ni kweli.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza siniya ya sita, mwisho wa sekondari, siku nilipolisema jambo lile. Baba alishastaafu jeshini na alikuwa kwenye kazi yake mpya, mlinzi wa ghala la kahawa. Mama alikuwa anachekecha unga wa muhogo nje ya chumba.

"Mama, siku ile ya bendera. Rimoti ilikuwa kwangu."

Hakuacha kuchekecha. "Najua."

Nilidhani hajanisikia vizuri. Nikarudia.

"Najua, nasema. Tarumbeta ililia nikiwa kwa mlango, nyuma yenu. Mikono ya baba yako niliona yote. Moja kwa kichwa, ingine hapana na kitu."

"Na miezi mitatu hukumsemesha!"

"Nilikuwa na hasira. Hasira ilikuwa kubwa, ningetupia nani? Wewe ulikuwa na miaka kumi. Yeye alikuwa mutu mukubwa, aliweza kubeba."

"Alijua kwamba unajua?"

"Alijua. Tulikuwa tunangoja wewe usahau." Akapuliza unga ukingoni mwa chekecheke. "Na ulisahau haraka. Hata wiki mbili haikuisha, hukutaja tena. Tulishukuru Mungu."

Nilicheka, cheko la ajabu, na lilipogeuka kuwa kitu kingine sikuweza kulizuia.

"Sikusahau. Alisema ninyamaze. Alisema ni oda."

Mama aliacha kuchekecha. Aliutazama uso wangu, na niliona anaihesabu ile miaka mmoja mmoja, mezani, shuleni, kitandani, akiniona nimesimama ndani yake yote.

"Oda?" alisema. "Mtoto, wewe hukuwa askari."

Akaliweka chekecheke chini, akafuta mikono kwa leso, akanivuta nikae karibu naye, na unga ule haukuchekechwa tena siku hiyo.