Karela za Shemeji Sudhakaran

Vilasini alibangua korosho kiwandani Kollam, kusini mwa India, mpaka vidole vikageuka rangi, na kwa vidole hivyo akajenga nyumba ya vyumba viwili. Ramani ilipita halmashauri bila shida. Shida aliileta mnajimu. Alipoiona ngazi ya kupandia juu ya paa iko ndani, pembe ya kaskazini-mashariki, alishika kichwa: pembe ya miungu hiyo, haikanyagwi! Fundi akaihamishia nje. Hapa kwetu mtu atabishana na serikali, lakini na mnajimu, thubutu.

Mkaguzi akaja na futi yake, akapima, akacheka.

"Mama, ngazi imeubana mpaka wa jirani. Ama ubomoe, ama jirani aweke sahihi kwamba hana neno. Bila hivyo, hati ya kuhamia sikupi."

Bila hati hakuna namba ya nyumba, bila namba hakuna umeme. Na Karkidakam ulikuwa umekaribia, mwezi wa mvua ambao hakuna anayethubutu kuhamia nyumba mpya.

Jirani mwenyewe ni Sudhakaran, kaka wa marehemu mumewe. Tangu afiwe, Vilasini alilala kwenye baraza ya nyuma ya nyumba ya huyo bwana na kumpikia. Maskini, alitamani tu kufunga mlango wake mwenyewe kabla hajafa.

"Haraka ya nini, shemeji?" Sudhakaran alisema alipoombwa sahihi, akijipapasa kitambi. "Hapa umekosa nini?"

Mjanja yule! Alijua fika kwamba mpishi akihama, na mchuzi wa nazi umehama.

Vilasini hakubishana. Alipika karela, lile tunda chungu kama shubiri. Mchana karela, usiku karela, asubuhi karela zilizolala, na chumvi akaipa likizo.

"Shemeji, nini tena hiki?"

"Dawa ya sukari. Daktari si alikuonya? Nitakutunza hivi hivi mpaka uzeeke."

"Mpaka nizeeke?"

"Sasa niende wapi? Nyumba haina hati."

Wiki haikuisha. Sudhakaran alikwenda halmashauri kwa miguu yake, akaweka sahihi bila kuombwa tena.

Siku ya kuhamia, maziwa yalichemshwa kwenye jiko jipya mpaka yakafurika, kama mila itakavyo, na wageni wakashangilia. Sudhakaran akaandaliwa jani la mgomba la kwanza, wali na mchuzi wa nazi, chumvi barabara. Alimeza tonge moja, akatoa macho.

"We mwanamke! Kumbe mkono wako haukuharibika!"

"Hata kidogo, shemeji."

"Na mimi sasa nitakula wapi?"

"Hapa hapa," Vilasini akasema, akimwongezea mchuzi. "Ila utapiga hodi kwanza."