Barua Iliyomsubiri Mwenyewe

Nimehama miji mingi, na kila nikipanga chumba kitu cha kwanza ninachotafuta ni mahali pa kuweka barua. Ugonjwa huo nilitoka nao Bariadi.

Miaka ile ya soko huria, kampuni ndogo ya ndege ambayo kaka yangu alikuwa rubani wake iliunganishwa na nyingine kubwa. Nyumbani hatukujua. Tulijua tu kwamba ni kapteni, na kwamba anwani yake ya kudumu ni sanduku la posta la baba.

Nilikuwa likizo, kidato cha tatu, nilipoleta kutoka posta bahasha nene ya kaki.

"Baba, nifungue? Huenda ni jambo la haraka."

"Ina jina lako?"

"Hapana."

"Basi ni ya mwenyewe." Akaiweka juu ya kabati, akaikandamiza kwa betri ya redio.

Ikakaa hapo tangu palizi hadi mavuno ya pamba. Kaka alipokuja, baba alimkabidhi kwa mikono miwili.

"Hii hapa. Haijaguswa na mtu."

Kaka alianza kuisoma amesimama. Akamaliza amekaa.

"Kumbe orodha ya marubani, nani mkongwe na nani mgeni, walishaipanga. Walitaka nitie sahihi ndani ya siku thelathini, wanihesabie na miaka ya kampuni ya zamani. Nikinyamaza, nimekubali kuanza upya."

Baba akacheka. "Na mvi hizo, uanze upya?"

"Kule mvi hazisomwi, baba. Inasomwa namba. Ndege zetu za pangaboi, hizi za mapanga yanayozunguka, zinauzwa, wanaleta jeti. Wenye namba za juu ndio wanaopelekwa kuzisomea. Mimi nimekaa chini ya vijana niliowafundisha."

Baba hakucheka tena. "Waandikie. Waambie ni baba yako aliyeiweka."

Akaandika, akarudi kazini. Jibu nalo likaja kwenye sanduku la baba. Nilipolileta kutoka posta, nilimkuta baba ananisubiri mlangoni.

"Fungua."

"Lina jina la kaka."

"Nimesema fungua."

Mistari miwili tu: orodha imefungwa. Baba aliniuliza mara tatu kama hakuna ukurasa wa pili.

Pangaboi ya mwisho ilipouzwa, kaka alirudi Bariadi. Walilima pamba shamba moja, yeye na baba, na sikuwahi kuwasikia wakitaja habari hiyo. Ndege ikipita juu, kila mmoja aliinamia mstari wake.