“Mwalimu, mbona bibi hayumo?”

Jua la alasiri limeanza kulegea Toangoma, wilayani Temeke, na kengele ya kurudi nyumbani imeshagongwa. Lakini nyuma ya chumba cha darasa la sita madawati mawili yamesimamishwa kwa ubavu, na juu yake limetandazwa blanketi la kijivu. Chini ya blanketi kuna mtoto, kuna simu, na kuna joto la tanuri.

Nje ya kibanda hicho Mwalimu Vaileth Sanga amechuchumaa, kidole mdomoni, akiwanyamazisha waliobaki foleni. Bodaboda inapita. Anangoja. Jirani anafungulia muziki wa singeli. Anangoja tena. Kisha anaupiga ubavu wa blanketi kofi dogo, ishara kwamba aliye ndani aanze kusema.

Watoto wanakiita studio. Humo husimulia mambo ya maisha yao kwa dakika mbili tatu. Picha wamepiga wenyewe, sauti ni zao. Mwalimu huviunganisha kwenye simu, vikawa filamu fupi ya kupeleka nyumbani au kumtumia ndugu aliye mbali.

“Sianzi kwa kuwaambia waandike,” anasema Vaileth. “Namuuliza mtoto, unataka nani akusikie? Akishamjua huyo mtu, maneno yanamfuata yenyewe.”

Ana miaka arobaini na minne, Mkinga, mzaliwa wa Makete mkoani Njombe, kwenye baridi ya kuvaa sweta mchana. Darasa lake lina wanafunzi themanini na saba. Simu ya darasa aliinunua kwa mtu, imeshatumika, na bando la shilingi elfu tatu kila wiki linatoka mfukoni mwake. Hasemi hivyo kwa kulalamika. Anachopenda kusimulia ni jinsi watoto walivyopangana bila kutumwa: mmoja akiwa ndani ya blanketi, mwingine huinua pindo na kumpepea kwa daftari.

Kazi hii aliianza baada ya kumzika mama yake. Picha za marehemu anazo, hata moja nzuri aliyopigwa akicheka kwenye harusi. Sauti hana.

“Kuna siku natulia nijaribu kukumbuka alivyokuwa akiniita,” anasema. “Inakuja sauti ya dada yangu. Ya mama haiji.”

Ndiyo maana hadi leo hasahau siku alipofuta sauti ya bibi wa mtu.

Mwaka huu zamu ya kwenda na simu nyumbani ilimfikia Najma, msichana mpole wa miaka kumi na miwili. Aliibeba ndani ya soksi, kama wenzake wanavyoibeba. Aliyetaka amsikie ni mama yake, Nusaiba, aliyekwenda Omani kufanya kazi za ndani Najma akiwa darasa la pili. Tangu hapo mtoto analelewa na bibi yake mzaa mama, Bi Tabu, muuza vitumbua anayejulikana mtaa mzima.

Mtaa mzima unajua pia kwamba Bi Tabu haongei na binti yake. Simu ikilia kutoka Omani, humkabidhi Najma na kwenda zake jikoni. Nusaiba aliondoka alfajiri bila kuaga, kwa kuogopa kukatazwa. Akaacha ujumbe kwa jirani, na kandambili zake mlangoni.

Najma alirudi shuleni na picha tatu: kikaango cha vitumbua, mbuzi ya kukunia nazi, na zile kandambili. Sauti alikuwa amekwisha kuirekodi nyumbani. Blanketi hakulitaka.

Vaileth alipoisikiliza, alisikia nyuma ya maneno ya mtoto mkwaruzo wa nazi, na mtu anayeimba midomo imefumbwa. Akafanya kama afanyavyo kwa kila sauti yenye vurugu: akabonyeza kitufe cha kuondoa kelele. Sauti ya Najma ikatoka safi kama maji ya kisima. Akaipanga na picha, na kwa kuwa simu ile haina nafasi, akaifuta ya mwanzo.

Kesho yake alimvalisha mtoto hedifoni akitarajia kuona meno. Najma alisikiliza hadi mwisho. Akairudia. Halafu akauliza taratibu, “Mwalimu, mbona bibi hayumo?”

Mwalimu hakuelewa. Ilibidi mtoto amweleze kwamba alikaa karibu na mbuzi ya nazi kwa makusudi. Bibi yake akikuna nazi huimba bila kujijua, na wimbo wenyewe ndio aliokuwa akimbembelezea Nusaiba alipokuwa mchanga. Najma alitaka mama yake amsikie bibi, hata kama bibi hataki kusema naye.

“Nilikaa palepale kwenye dawati la mtoto,” anasema Vaileth. “Mie ninayelilia sauti ya mama yangu nimefuta ya bibi wa mwenzangu. Tena nikajiona nimefanya kazi nzuri.”

Aliipeleka simu kwa Anwar, fundi simu wa hapo stendi. Kijana aliacha kazi za watu akahangaika nayo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Sauti haikupatikana. Vaileth alipotoa pesa, Anwar alizisukuma kwa kiwiko. “Bibi yule ananikopeshaga vitumbua tangu sijaoa,” alimwambia. “Nichukue hela kwa ajili ya sauti yake, kesho nitakula wapi?”

Najma alikuwa tayari kurekodi tena kwa siri. Mwalimu alikataa. Alimwambia sauti ya mtu mzima haiibwi mara mbili, safari hii wataomba. Na wote wawili walijua hatari yake. Bibi akishajua kwamba anasikika, huenda asiimbe tena hata akiwa peke yake.

Jumamosi wakabisha hodi. Bi Tabu alikuwa juu ya mbuzi yake uani, sinia mbele. Aliitikia shikamoo, akamsogezea mwalimu kigoda na kitumbua kilichobaki asubuhi. Vaileth akajieleza yote, hadi kile kitufe.

Bi Tabu alimtazama kwa jicho la utani. “Nyie Wakinga mnasemwaga hata kuongea mnaona hasara. Leo umenijia kuomba sauti ya bure?”

Mwalimu akacheka kidogo, mtoto hakucheka. Bi Tabu akarudi kwenye nazi. Alikuna bila wimbo, Najma amesimama, simu ameificha mgongoni.

“Nusaiba hakuniaga,” bibi akasema hatimaye. “Na mtu asiyeaga, hajaondoka. Sasa mie nitaongeaje kwenye simu na mtu aliyemo humu ndani?”

Akaelekeza kidevu mlangoni, zilipo kandambili. Kila Ijumaa huziosha, akaziegesha ukutani zikauke, akazirudisha mahali pake.

Vaileth alishukuru kwa kitumbua, akainuka, akaanza kuvaa viatu. Hapo ndipo Bi Tabu alipomwambia mjukuu wake, bila kuinua uso, “Iweke hiyo simu hapo chini. Sisemi kitu. Nakuna nazi tu.”

Akachukua nusu nyingine ya nazi. Baada ya mikuno michache wimbo ukaanza, chini chini, ukapotea, ukarudi. Najma alijua, na hakusema, kwamba nazi iliyokuwa kwenye sinia ilikuwa imeshatosha kwa siku ile.

Hadithi ilitumwa Omani ikiwa na kila kitu ndani yake: nazi, wimbo, jogoo wa jirani na bodaboda iliyokuwa ikipanda mlima.

Siku mbili zikapita kimya. Ya tatu likaja jibu la sauti, fupi, kutoka kwa mtu ambaye ni wazi alikuwa amelia kwanza, akanyamaza, ndipo akarekodi. “Mwambie mama apunguze haraka. Atajichuna vidole kama zamani.”

Najma alilipeleka jikoni, akamfungulia bibi yake. Bi Tabu aliomba alisikie tena. Kisha akasema, “Mwambie mbuzi hii naikalia tangu yeye hajazaliwa.”

Akageuza vitumbua vyote kikaangoni, kimoja kimoja, ndipo akaongeza, “Na mwambie aje aniage.”

Hayo ndiyo mazungumzo yao hadi sasa, ya kupitishwa kwa mtoto. Bi Tabu bado hapokei simu. Mkataba wa Nusaiba unaisha mwakani, na kama atarudi hakuna ajuaye. Najma anasema ameomba kazi ya kuosha kandambili imhamie yeye, bibi amekataa.

Leo chini ya blanketi yupo mvulana anayemsimulia baba yake aliyehamia Ubungo. Anapepewa na Najma. Mvulana anapotoka, jasho linamtiririka, Vaileth anamrudishia sauti yake asikilize. Kidole chake kiko juu ya kile kitufe, lakini hakibonyezi. Siku hizi huuliza kwanza.

“Kuna mtu humu nisimfute?”

Mvulana anafikiri. Anasema hiyo singeli inaweza kwenda, lakini kikohozi kiachwe, ni cha rafiki yake.

Mwezi wa kumi na mbili Vaileth atapanda basi kwenda Makete, na simu ya darasa ataibeba. Nyumba ya mama yake imefungwa, ufunguo anao kaka yake, Gregori. Ina mlango mzito wa mbao unaoburuza sakafu. Mama ndiye aliyekuwa akiufungua kabla ya wengine kuamka, akawashe moto.

“Nitalala mle ndani, kwenye kitanda chetu cha utoto,” anasema, akikunja blanketi. “Nitamwomba kaka aje aufungue alfajiri. Asiniite, asiseme kitu. Aufungue tu, mie nikiwa nimelala, simu ikirekodi.”

Analiweka blanketi kabatini. “Nao mlio huo, sitauondolea kelele.”