Migomba ya Shangazi Letisia

Shangazi yangu Letisia hakuwa mtu wa mikutano. Hapa Chunyu mkutano wa kijiji ukiitwa, yeye hushika jembe akapalilie ufuta wake, akisema wanaume wakikosa kazi huitana. Mkutano wa barabara ndio pekee aliohudhuria, tena akakaa mbele.

Kijiji kilikuwa kimegawanyika. Lami ya kwenda Ruangwa ifuate njia ya zamani katikati ya nyumba zetu, au izungukie bondeni kusikokaa mtu? Diwani wetu Abdulkarimu alitaka ipite katikati. Mzee Dominiko, ambaye mikorosho yake imepakana na njia, alitaka bondeni. Walibishana mpaka wakaanza kutajiana vyama, na sisi wajinga tukawapigia makofi wote wawili.

Ndipo shangazi akasimama.

"Baba zangu, mimi nilibebwa kwa machela nina uchungu, tukakatiza bonde hilo, tukalikuta limejaa maji. Hatukuvuka. Mtoto wangu wa kwanza akafia tumboni. Leo mnataka barabara ikalale kwenye maji yaleyale? Ipite kwetu."

Hata Dominiko aliinamisha kichwa. Mikono ilipohesabiwa, njia ya katikati ikashinda, na diwani akamshukuru shangazi kana kwamba alimfanyia kampeni.

Kosa lake lilikuwa moja. Alidhani lami ni njia ileile aliyoizoea, imepakwa weusi tu. Hakujua kwamba lami hutaka upana wake, mitaro na hifadhi kila upande. Wapimaji walipokuja, kigingi kimoja walikigongomea nyuma ya jiko lake, katikati ya migomba.

Hapo ndipo alipolala yule mtoto. Kwetu mtoto aliyezaliwa amekufa huzikwa na wanawake peke yao, karibu na nyumba, penye unyevu. Hawekewi msalaba, haliliwi kwa sauti, na wanaume hawaonyeshwi mahali. Mume wa shangazi, marehemu Silvanus, aliondoka duniani bila kupajua. Tuliobaki tunapajua ni shangazi na mimi, niliyeonyeshwa na mama yangu, aliyelichimba kaburi lile.

Mwenyekiti wa kijiji alipita nyumba hadi nyumba na watu wa mradi, wote wanaume. "Mwenye kaburi aseme sasa, lihamishwe kwa heshima." Dominiko alionyesha ya wazazi wake, yakafukuliwa taratibu, katekista akisali. Walipofika kwa shangazi, alisimama mlangoni mwa jiko. Nikamminya mkono.

"Shangazi, sema."

"Eva ana mimba," akaninong'oneza. Eva ni bintiye. "Mwanaume akionyeshwa kaburi hilo, uzazi wa mabinti zetu hufungwa. Nimuue na wa pili?"

Nilikasirika. Miaka hii, kila mtu na simu yake, bado tunaogopa hayo! Kumfukua wenyewe nako ni mwiko. Lakini na mimi nina binti, nikanyamaza. Mwenyekiti akaaga, wakaenda nyumba ya pili.

Katapila lilikuja asubuhi. Shangazi alisonga ugali huku migomba ikianguka nyuma yake, akaupakua, akaufunika. Hakuna aliyeula. Sijawahi kumwonea mtu uchungu kama nilivyomwonea yeye siku ile.

Lami ilikwisha kabla ya masika. Uchungu wa Eva ulipoanza, mvua ilikuwa inanyesha, na bajaji ikatufikisha hospitali ya Ruangwa bila kukwama popote. Alizaliwa mtoto wa kike, akalia kwa nguvu mpaka wauguzi wakacheka. Shangazi hakucheka. Alimpokea na kumtazama tu.

Tulipokuwa tunarudi, karibu na kwake, alimwambia dereva asimame.

"Bibi, si tumekaribia kufika? Vuta subira kidogo!" kijana akatania.

Shangazi alivua kandambili, akashuka na mjukuu, akasimama pembeni mwa mtaro. Mimi nikamfuata. Akamfunua mtoto uso, akamwelekeza kwenye lami, pale ilipokuwa migomba.

"Huyu ni mwana wa mdogo wako," akasema polepole.

Lori la korosho lilikuwa linakuja, likapiga honi. Tukarudi nyuma, tukalisubiri lipite juu yake.