Siku Zaina Alipolitaja Jina Langu

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ilikuwa ya jua kali asubuhi na ya mawingu mchana, na meli ilikuwa imefunga kwenye kituo cha kuni chini ya Kindu, kabla hujafika Lokandu. Ningependa kukuanzia mbali zaidi, maana sisi wazee tunapenda kuzunguka. Lakini kesho wewe na mkeo mnaondoka, mizigo yenu nimeiona imefungwa pale mlangoni, na ninalo jambo la kukuambia kabla hamjakanyaga ubao wa meli.

Wewe ni mjukuu wangu, ila leo nitakuita mwanangu, kwa sababu maneno haya nilipaswa kumwambia baba yako na sikuwahi kumwambia. Kaa. Hicho kiti kina mguu mbovu, egemea ukuta.

Nilikuwa na mke kabla ya bibi yako. Najua hukuambiwa. Aliitwa Zaina, binti wa watu wa Kibombo, mrefu, mwenye kicheko cha kuchelewa: ungemwambia neno la kuchekesha, angekutazama tu na kuendelea na kazi yake, halafu baadaye ungemsikia anacheka peke yake jikoni. Mimi nilikuwa fundi wa matofali. Nimejenga nyumba za Wazungu pale mtaa wa Kasuku, nyumba ambazo nikishamaliza kupiga chokaa sikuruhusiwa tena kukanyaga baraza zake. Wakati ule wa Bulamatari, serikali ya Wazungu, mtu mweusi hakutoka kwao akaenda mbali bila ruhusa yao. Mimi nilipewa kwa kuwa nilikuwa najulikana, na nikamwambia Zaina, twende tukaione dunia kabla hatujapata watoto.

Watu walitucheka sana. Kwetu mtu alisafiri kwa msiba, kwa arusi au kwa kazi. Kusafiri ili kuona tu, huo ulikuwa wazimu wa Wazungu. Basi tukawa wazimu. Kila mmoja alijifungia furushi lake mgongoni kwa vipande vya kanga, yeye akabeba na sufuria, tukavuka mto na kudandia lori la kwenda Pangi, kisha lingine mpaka Kabambare, tumekaa juu ya magunia ya mpunga, vumbi mpaka kwenye kope. Tukafika ziwani. Tukavuka kwa boti hadi Ujiji, na Zaina alitapika njia nzima, akashika ukingo wa boti akiapa kwamba harudi tena majini. Tulipokanyaga mchanga akaniuliza boti la kurudi linaondoka lini. Ndivyo alivyokuwa. Tuliporudi Kindu, mimi nimechoka, nataka kulala kwenye kitanda changu pale Mikelenge, yeye ndiye aliyesema bado mto. Tushuke na mto tuone unakokwenda.

Sasa nikueleze jambo ambalo nyinyi vijana mnalijua nusu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mkali wa adabu. Siku Zaina alipoingia nyumbani kwetu, alikalishwa chini na kufundishwa kwamba jina la mume halitajwi. Si mbele yake, si nyuma yake, si hata kwa mtu anayeuliza njia ya kwenda kwake. Akishazaa mtoto wa kwanza, ndipo atamwita mumewe kwa jina la mtoto, Baba Fulani, na midomo yake itapata raha. Lakini sisi hatukuwa na mtoto bado. Kwa hiyo Zaina hakuwa na neno la kuniita. Akinitaka, alikohoa. Au aligonga kifuniko cha sufuria. Kama nilikuwa barabarani na wenzangu, alikuja akasimama pale hadi nimwone.

Mimi nilipenda. Sitakudanganya. Mafundi wenzangu walikuwa na wake waliowaita kwa sauti kubwa sokoni, nami nilijivuna kwamba wangu anakohoa. Na mimi nilimwita Zaina kuanzia alfajiri mpaka usiku. Zaina maji, Zaina njoo, Zaina viatu vyangu viko wapi.

Basi tukapanda meli. Juu kulikuwa na Wazungu na viti vyao vya kitambaa, na sisi tulikuwa kwenye tishali lililofungwa ubavuni mwa meli, pamoja na mbuzi, kuku na marundo ya kuni za injini. Meli zile zilikula kuni kama moto wa nyasi, na kila zilipopungua tulifunga kwenye kituo ambapo watu wa serikali walikuwa wamekata na kupanga magogo kando ya mto, rundo baada ya rundo, marefu kuliko nyumba. Abiria walishuka kupika na kununua samaki. Homa ilikuwa imenianza tangu alfajiri. Nilimwambia Zaina, ngoja hapa na mizigo, nakwenda kutafuta samaki wa moshi. Sikufika kwenye samaki. Mwili ulikuwa unatetemeka, nikazunguka nyuma ya marundo ya kuni palipokuwa na kivuli, nikasema nikae kidogo, na usingizi wa homa ukanichukua.

Yaliyotokea kwenye tishali niliyasikia baadaye kwa mama mmoja wa Lokandu aliyekuwa amekaa karibu na mkeka wetu. Honi ya kwanza ililia, watu wakarudi mbio. Kapita wa tishali, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu watu na kuondoa ubao, akamwona Zaina amesimama anatazama ufukweni.

"Mama, muntu yako iko wapi?"

"Alienda kununua samaki."

"Masuwa inaondoka sasa hivi. Jina yake nani? Sema, niite."

Kapita akauliza tena, na mama wa Lokandu akamwambia, sema mwanangu, kapita ana sauti, ataita. Zaina akafunika mdomo kwa kanga. Watu walianza kucheka, maana walijua ni bibi arusi na wanaijua adabu hiyo, wengine wakamsifu kabisa. Mzee mmoja akasema huyu amelelewa. Kapita alijaribu mwenyewe, akaweka mikono mdomoni akapiga kelele, "Ee, muntu ya masuwa! Kuya! Tunaenda!" Ufukwe ule ulijaa watu, wakata kuni, wauza samaki, wapagazi. Nani angejua anaitwa yeye? Mimi nilikuwa nimelala nyuma ya magogo. Lakini mwanangu, jina langu mama yangu ameniamsha nalo tangu utoto, nikiwa na homa, nikiwa nimechoka, nikiwa nimelewa. Kama mtu angeliita, ningeinuka. Hilo nimejiambia miaka yote, na silifuti.

Honi ya pili ikalia. Kapita akapandisha macho kwa Mzungu wa juu, Mzungu akapunga mkono, ubao ukatolewa. Meli haikuwa ya kumngoja mweusi mmoja asiye na jina.

Honi ile ndiyo iliyoniamsha. Nilipotoka nyuma ya kuni, meli ilikuwa imeshashika mkondo. Nilipiga kelele, "Zaina! Zaina!" mpaka kifua kikauma. Mkata kuni mmoja mzee, aliyeitwa Mzee Kitenge, ndiye aliyekuwa mkubwa wa kituo, akanishika bega, akaniambia tulia, wiki hii kuna meli nyingine, na mwanamke atakungoja Lokandu. Maneno ya akili kabisa. Angenisubiri kule, na sisi tungecheka jambo hilo hadi leo.

Lakini Zaina hakusubiri Lokandu. Alijua nina homa. Wewe unajua wavuvi wetu wanavyofanya, wakiona meli inapita wanapiga makasia mpaka ubavuni, wanashika kamba ya tishali na kuuza samaki huku wanavutwa. Mvuvi mmoja wa ng'ambo alifanya hivyo mbele kidogo ya kituo, na alipomaliza kuuza, Zaina akateremka ndani ya mtumbwi wake na furushi langu na lake. Mama wa Lokandu alimvuta kanga. Akamjibu, "Iko mugonjwa, mama. Hana muntu kule." Hata hapo hakusema ni nani aliye mgonjwa.

Mawingu yalikuwa yameshakusanyika, ilikuwa mvua ya kwanza baada ya kiangazi, na mvua ya kwanza kwetu huja na upepo kabla ya maji. Mimi nilikuwa bado nimekaa ufukweni pamoja na Mzee Kitenge, amenifunika gunia. Tuliuona mtumbwi unakata mto kuja upande wetu, mvuvi nyuma na mtu mmoja katikati, na mimi nikaijua ile kanga. Nikasimama. Nilifurahi, mwanangu. Kwa muda kidogo nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote walioko Maniema.

Upepo ulipokuja ulikuja wote mara moja. Mto ukageuka rangi. Mtumbwi ule ulikuwa mdogo, wa mtu mmoja na samaki wake, na mafurushi mawili yalikuwa yameuinamisha. Niliuona unainuka upande, mvuvi anarudi nyuma, unainuka tena. Na hapo nikasikia.

"Amisi!"

Sikuwa nimewahi kusikia jina langu kwa sauti hiyo. Nilidhani ni mtu mwingine.

"Amisi! Amisi eee!"

Nikajitupa majini, na Mzee Kitenge na watu wake wakanirudisha kwa nguvu, mmoja akanikalia mgongoni. Mvuvi aliokoka, aliushika mtumbwi uliopinduka. Zaina hakuwa mtu wa maji. Siku ya pili watega nyavu walimkuta chini kidogo ya hapo, na tukamzika pale pale kwenye kituo cha kuni, kwa sababu mwili haukuweza kusafiri. Waliniuliza jina la marehemu ili waombe dua. Nikalitaja bila shida yoyote. Nilikuwa nimelizoea.

Baada ya mazishi Mzee Kitenge alikaa nami juu ya gogo. Alikuwa mtu wa maneno machache, mikono yake imepasuka kwa shoka. Kila kitu alikuwa ameshakisikia, habari huenda haraka kwenye mto. Akaniuliza, "Nani alimufundisha asitaje jina yako?"

"Mama yangu."

"Na weye ulisema nini?"

"Sikusema kitu, mzee. Ilikuwa adabu."

"Ulikuwa unafurahi?"

Akanitazama, akasema, "Heshima ilikuwa yako. Mzigo ilikuwa yake. Unaona weye, alibeba yote mbili mpaka huku." Kisha akainuka akarudi kwenye kuni zake, kwa kuwa meli nyingine ilikuwa inakuja na Mzungu hangoji. Nilimchukia kwa miaka mingi. Leo nikikumbuka kwamba alinikemea siku ile ile nilipozika, wala hakuniacha nijifariji kwamba ni mapenzi ya Mungu tu, namshukuru.

Bibi yako nilimwoa baadaye. Siku ya kwanza nilimwambia, mimi naitwa Amisi, niite Amisi. Mama yangu alikasirika akahamia kwa dada yangu msimu mzima, hakunywa chai ya nyumba hii. Bibi yako aliona haya, akawa analisema kwa sauti ndogo kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Nikamwambia, zaidi. Majirani wakasema nimekaliwa na mwanamke. Niliwaacha waseme.

Sasa sikia kwa nini nimekuita. Jana nilikuwa nimelala hapa barazani, mkadhani sisikii. Mkeo alikuwa anamuuliza dada yako, "Huyu amekwisha kula?" Huyu nani? Nyumba hii ina wanaume watano. Nikaona ulivyotabasamu mlangoni, na tabasamu lile nililijua, kwa sababu lilikuwa langu.

Mwanangu, mimi sisemi adabu ni mbaya. Nimelelewa nayo na nimewalea nayo. Lakini adabu yoyote ambayo inamfunga mwenzako mdomo siku ya hatari, usiipokee, hata kama anayeileta ni mama yako, hata kama watu wanaisifu na wewe mwenyewe unaona utamu wake. Hasa ukiona utamu wake. Jiulize nani anaulipia utamu huo. Mke wako anakwenda na wewe kwenye maji na kwenye barabara ambazo hamjui mtu. Kule hamna mama, hamna shangazi, hamna mtu wa kumpelekea kikohozi. Mna majina yenu tu. Mfundishe alitamke lako mbele ya kapita, mbele ya askari, mbele ya Mungu, na alitamke kwa nguvu. Na ukiona homa inakuja, usijifanye dume, usijifiche nyuma ya kuni. Mwambie.

Mungu awatangulie kwenye maji na kwenye nchi kavu. Awape pepo za taratibu, na watu wema kila mtakapofunga kamba. Awape mtoto kwa wakati wake, lakini msimngojee huyo mtoto ndipo muitane. Mrudi nyinyi wawili mnikute hai, na msiponikuta, mpite kwenye kituo kile cha zamani mkamwombee Zaina dua, kwa jina lake.

Haya, sasa mwite mkeo aje hapa barazani. Baba yako alikupa jina langu, na hakujua amekupa na nini ndani yake. Nataka nimsikie bibi arusi analiita Amisi kwa sauti kubwa, kabla hamjaondoka, mahali pakavu, pasipo upepo.