Habari ya Mkate wa Maiti

Ilikuwa saa kumi na robo za jioni, Alkhamisi ya mwisho ya Shaabani, nilipofungua gazeti kwenye barza yetu ya Kikwajuni. Nilikuwa na mazoea ya kutazama saa kabla ya kuanza kusoma, kwa hiyo najua hasa ni wakati gani nilipomharibia jirani yangu.

Katika miaka ile ya hamsini magazeti yalizuka kila mara. Ya zamani yalitupa bei ya karafuu na siku za meli. Haya mapya, ya senti kumi, yalitupa wachawi, wake waliotoroka na watu walioonekana makaburini. Wazee wa barza walijua hati za Kiarabu tu. Za Kizungu niliwasomea mimi, niliyejifundisha mwenyewe kwa makaratasi ya kufungia bidhaa. Msomaji alitakiwa pia kujibu maswali, na hilo ndilo nililojivunia zaidi.

Siku ile kichwa cha habari kilikuwa MKATE WA MAITI. Iliandikwa kwamba mjane mmoja muuza mikate aliyaweka maji aliyooshewa marehemu mumewe, na humo ndimo anamokandia unga ili wateja wasimhame. Jina halikutajwa. Ilitajwa nyumba: Kikwajuni, mlango wa samawati, kisima mbele.

"Lahaula! Nani huyo?" akauliza seremala mmoja.

"Soma tena hapo penye kisima," akadakia mwenzake. "Mie nshakula mikate ya watu watatu leo!"

Wakacheka. Nikasoma tena. Kisha wakanigeukia, kama kawaida yao. Nikaipitia mitaa yetu kichwani, mmoja baada ya mmoja, nikajibu, "Nyumba yenye mlango wa samawati na kisima mbele, hapa kwetu ni moja tu."

Kicheko kikakatika. Sote tulikuwa tukifuturu kwa mikate ya mofa, ile ya mtama ya kuchoma tanurini, ya bibi mjane wa nyumba ile. Mauzo ya Ramadhani ndiyo yaliyomlipia kodi ya nyumba mwaka mzima, na unga alikuwa amekwisha kuununua.

Sikusema kwamba habari ni ya kweli. Nilisema nyumba ni moja. Kwa muda mrefu nilijitetea kwa tofauti hiyo.

Siku ya tatu ya mfungo nilikwenda kwa mwenye gazeti, chumba kimoja nyuma ya Darajani. Nilimwambia kwamba nimeuliza wanawake waliokuwapo siku ya maziko, na hakuna maji yaliyowekwa. Hakukasirika.

"Bwana, mimi sikumtaja mtu. Jina mmelitaja nyinyi hukohuko."

"Basi andika kwamba si kweli."

"Nikiandika, nani atanunua? Toleo lile lilikwisha kabla ya adhuhuri. Watu wamelifuata mpaka hapa mlangoni."

Jioni ile niliwaambia wenzangu barzani kwamba habari ni ya uongo. Seremala akanitazama. "Juzi umetusomea mara mbili, leo unakataa? Wewe hukosei, sisi tunakujua." Hakuna aliyenunua mkate. Mke wangu mwenyewe alinunua kwengine, na sikumwuliza kwa nini.

Baada ya Idi nilikwenda kwa yule bibi mjane. Alikuwa akifunga vyombo. Kaka yake alikuja kumchukua aende kukaa naye Bububu, maana mwenye nyumba alikuwa hasubiri tena.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo hukuja na gazeti?"

Nikamwomba radhi. Aliendelea kufunga kamba ya mkeka mpaka akaikaza.

"Msamaha nnakupa, mwezi mtukufu umepita na sitaki dhambi. Lakini watu wanasema wewe ni mtu wa hakika. Basi na hili ulijue kwa hakika. Ramadhani ya mwaka jana niliuza mikate ya shilingi mia mbili na arubaini. Hii iliyokwisha nimeuza ya arubaini na nane, na mingi walinunua wageni wapita njia."

Alisubiri nijibu, na nilijibu, kwa sauti ileile niliyozoea kuisomea: alikuwa amepoteza shilingi mia moja na tisini na mbili.